Unamkimbia Nani? Habari za Mbio Ndefu, Kutoka Mchakamchaka Hadi Marathoni

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike machache juu ya mbio ndefu, kwa sababu yasemekana mimi ndiye mzee pekee wa mwaka wetu ambaye bado anaonekana barabarani alfajiri akiwa amevaa kaptula. Nimelikubali ombi hilo kwa moyo mkunjufu, lakini kwa sharti moja, kwamba nisiandike kama bingwa. Katika mbio zote nilizoshiriki tangu mwaka 2014 sijapata hata mara moja kuwa katika nusu ya kwanza ya washindani, na mara moja sikumaliza kabisa. Habari ya siku hiyo nitaieleza mahali pake, wala sitaificha.

Madhumuni ya makala haya ni mawili. Kwanza, nataka kueleza jinsi mbio ndefu zilivyoingia katika maisha ya watu wa kwetu, maana vijana wengi wanadhani zilianza juzi pamoja na fulana za rangi na namba za kifuani. Pili, nina shauri la kutoa kwa mkutano wetu.

Swali la barabarani

Mwaka 2013, nilipotimiza miaka 50, daktari alinipima shinikizo la damu akatikisa kichwa. Akaniagiza nipunguze chumvi na nitembee kila siku. Nikaanza kutembea. Baada ya miezi miwili miguu yenyewe ikataka zaidi, nikawa nakimbia kidogo kidogo katika barabara ya kwenda Peramiho.

Asubuhi moja nilimkuta mama mmoja mtu mzima sana, amejitwika mzigo wa kuni. Nikamwamkia huku nikihema: "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akageuka kuitazama barabara nzima nyuma yangu. Alipoona hakuna kitu akarudisha macho kwangu. "Unamkimbia nani?"

Nikamjibu kwamba simkimbii mtu, nafanya mazoezi. Hakucheka. Alitua mzigo wake akanieleza kwamba yeye katika maisha yake alikimbia mara moja tu, alipovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya kumwondoa Mreno, mtoto mgongoni, wakaenda usiku na mchana mpaka wakapokelewa Muhukuru. "Tangu siku ile," akasema, "nikiona mtu anakimbia, kwanza natazama nyuma yake."

Nilimsaidia kujitwika tena, nikaendelea na safari. Lakini swali lake sikuweza kuliacha barabarani. Lugha yetu inatumia neno hilo hilo moja kwa mambo mawili: mtu anakimbia kushindana, na mtu anakimbia hatari. Na katika historia ya Songea, ndugu zangu, maana ya pili ndiyo iliyotangulia.

Nchi iliyojengwa kwa miguu

Hebu tukumbuke kidogo tuliyofundishwa darasani. Wangoni walianza safari yao kusini kabisa mwa Afrika, wakiyakimbia machafuko ya vita vya Wazulu. Chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakaendelea hadi Ufipa, na baada ya kifo cha mkuu huyo makundi yakagawanyika, mengine yakashuka mpaka huku kwetu. Watu hao walikwenda kwa miguu, pamoja na watoto na ng'ombe wao, umbali ambao leo hata dereva wa lori angeufikiria mara mbili.

Vita vya Majimaji vilipoanza Umatumbi mwezi Julai 1905, habari zake zilifika Ungoni kwa miguu vile vile. Hongo aliyeitwa Omari Kinjala ndiye aliyeleta maji kwa Nkosi Chabruma. Watu wetu hawakuwa na gari wala simu; habari ilikwenda kwa kasi ya mguu wa mwanadamu. Tunajua mwisho wake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni hapa mjini, na siku chache baadaye wakamnyonga Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake. Mashujaa 67 tunawakumbuka kila mwaka ifikapo tarehe hiyo. Baada ya hapo majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Waliobaki walikimbilia maporini.

Ulipofika wakati wa Mwingereza, wilaya ya Songea ikawa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi kwa mashamba ya mkonge. Mtu alitakiwa kulipa kodi, na fedha ya kodi haikuwako nyumbani. Basi wazee wetu wakafunga vyakula vyao, wakaondoka kwa makundi, na katika miaka ya mwanzo wengi wao walitembea majuma kadhaa kabla ya kuuona mkonge wenyewe. Hata babu yangu mzaa baba alikwenda Lindi hivyo, akarudi na blanketi moja na kikohozi.

Kisha, baada ya FRELIMO kuanza vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964, ndugu zetu wa Msumbiji wakaanza kuvuka Ruvuma kuja kwetu. Mama yule wa kuni alikuwa mmoja wao. Msumbiji ilipata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975. Wengi walirudi, wengine wakabaki wakawa majirani zetu.

Kwa ufupi, kwa zaidi ya miaka 100 mtu wa nchi hii alikuwa na sababu tatu za kushika njia ndefu: kukimbia hatari, kutumwa, au kutafuta fedha ya kodi. Kuamka Jumapili asubuhi na kukimbia kwa hiari yako, tena baada ya kulipa kiingilio, lilikuwa ni jambo geni kabisa. Hapana ajabu kwamba mama yule alitazama nyuma yangu.

Mchakamchaka

Lakini palikuwa na daraja kati ya mbio za hofu na mbio za hiari, na daraja hilo sote tulilivuka. Nasema juu ya mchakamchaka.

Mimi niliingia kidato cha kwanza mwaka 1978. Baridi ya Songea ya mwezi wa Juni na Julai sina haja ya kuwakumbusha. Kengele ililia kukiwa bado giza, ukatafuta kaptula kwa kupapasa, na kabla usingizi haujakutoka vizuri ulikuwa tayari katika mstari. Wengi wetu tulikimbia peku. Wachache walikuwa na raba, na wengine walivaa makatambuga ya tairi la gari. Tulitoka getini wawili wawili, kiongozi akiimba nasi tukiitikia, vumbi likapanda, na watu wa mjini wakajua saa bila kutazama saa.

Katika bweni letu alikuwako mwenzetu mmoja ambaye jina lake sitaliandika, lakini wa miaka ile mtamjua mara moja: mrefu, mwembamba, mwenye sauti iliyosikika kuvuka bonde. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu wa nyimbo. Alitunga vibwagizo juu ya kande, juu ya hesabu na juu ya likizo, kila asubuhi vipya. Na alikuwa na sheria moja ambayo hakuisoma katika kitabu chochote. Mtu akiachwa nyuma, msafara mzima ulizunguka, ukarudi ukiimba vile vile mpaka kwa aliyeachwa, ukamzunguka, naye akajikuta yuko katikati. Kisha safari ikaendelea kwa mwendo wake.

Naweza kuieleza sheria hiyo vizuri kwa sababu aliyerudiwa mara nyingi nilikuwa mimi. Nilikuwa mdogo kuliko wote, na kifua changu kilikuwa kibovu. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye nikafahamu kwamba hakuna aliyenicheka, maana kurudi kulikuwa ni sehemu ya wimbo.

Katika miaka hiyo hiyo redio ilituletea majina. Mwezi Agosti 1978 tulisikia kutoka Edmonton, Kanada, kwamba Gidamis Shahanga amechukua medali ya dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 1980 zikaja habari za Moscow: Filbert Bayi medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui medali ya fedha katika mita 5,000. Asubuhi iliyofuata mchakamchaka wetu ulikwenda kwa kasi ya ajabu, na kila mmoja alikuwa Nyambui.

Mtu wa mwisho wa Mexico

Hata hivyo habari iliyoniingia zaidi haikuwa ya mshindi. Mwalimu wetu wa michezo alitusimulia juu ya John Stephen Akhwari wa Mbulu.

Marathoni, kama mjuavyo, ni mbio ya kilomita 42 na mita 195. Ilikimbiwa katika Olimpiki ya kwanza ya sasa, Athens mwaka 1896. Urefu huo ulitumika kwanza London mwaka 1908 na kukubaliwa rasmi mwaka 1921. Afrika Mashariki na jirani zake waliingia katika historia yake mwaka 1960, Abebe Bikila wa Ethiopia aliposhinda Roma akiwa peku kama sisi wa mchakamchaka.

Tarehe 20 Oktoba 1968 mbio hiyo ilikimbiwa katika jiji la Mexico, ambalo liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Walianza watu 75. Akhwari alipata maumivu ya misuli, kisha katika msongamano akaanguka, akaumia vibaya goti na bega. Akafungwa bendeji akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, watazamaji wengi wamekwisha ondoka, akichechemea na bendeji ikining'inia mguuni. Saa yake ilikuwa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, na wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kiasi kile aanze mbio, bali aimalize.

Watu wengi wanapoisimulia habari hii wanamfanya Akhwari kuwa mkimbiaji dhaifu mwenye moyo mkubwa. La hasha! Alikuwa mkimbiaji hodari. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hapo ndipo uzito wa habari yake ulipo. Mtu aliyezoea kuwa mbele alikubali kuonekana na dunia nzima akiwa nyuma. Wanariadha 18 siku ile waliacha, nao hawakufanya kosa lolote, lakini leo ni nani kati yetu awezaye kumtaja hata mmoja wao?

Mbio zinakuwa za watu wote

Baada ya Akhwari walifuata mabingwa ambao hatuna budi kuwataja. Juma Ikangaa, mtoto wa Dodoma, alikuwa wa pili Brisbane mwaka 1982 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 30, nyuma ya Robert de Castella wa Australia kwa sekunde 12 tu. Alikuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya kwanza aliikosa kwa sekunde moja. Mwaka 1989 akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Nyambui naye alishinda Berlin mwaka 1987 na 1988. Na tarehe 15 Septemba 2025, katika jiji la Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alipata kuwa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani walipewa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Baada ya kilomita 42 walitofautiana kwa sehemu 3 katika sehemu 100 za sekunde moja.

Hao ni mabingwa. Lakini pembeni mwao jambo jingine lilikuwa likikua. Marathoni ya kwanza ya New York, mwaka 1970, ilianza na watu 127, wakamaliza 55. Katika miaka iliyofuata watu wa kawaida, makarani, walimu na mama wa nyumbani, wakaanza kujiandikisha kwa maelfu. London ikaanza yake mwaka 1981. Kwetu Tanzania mbio za Kilimanjaro, pale Moshi, zilianza mwaka 2003, na pamoja na marathoni kamili zina nusu marathoni ya kilomita 21 na ushei. Hapa Songea tamasha la Majimaji Selebuka nalo limekuwa na mbio ndefu pamoja na ngoma na baiskeli. Mkimbiaji wa raha, ambaye hashindani na mtu ila saa yake na umri wake, amekuwa sehemu ya riadha.

Niliyoyaona mwenyewe

Nusu marathoni yangu ya kwanza nilikimbia mwaka 2014 katika mji ambao sitautaja. Nilipofika kilomita ya 15 meza za maji zilikuwa tupu, maana wa mbele walikwisha kunywa na wengine kujimwagia. Niliokolewa na mama muuza machungwa aliyenipa mawili bila kudai kitu. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 48, kucha mbili za miguuni zikiwa nyeusi. Siku hiyo nilijifunza kwamba aliye nyuma hubeba maji yake mwenyewe.

Baada ya hapo nilijifunza taratibu. Nilikimbia vilima vya kuelekea Matogoro, kwa kuwa anayezoea mlima hatishwi na tambarare. Nilijifunza kunywa togwa iliyochujwa, ambayo tumboni mwangu inakaa vizuri kuliko vinywaji vyote vya chupa. Mwaka 2019 nilikwenda Moshi nikakimbia nusu marathoni, njia ambayo hupanda kwenda Mweka na kurudi, nikamaliza kwa saa 2 na dakika 31. Nikavimba kichwa. Nikasema mwaka ujao ni kamili.

Tarehe 1 Machi 2020 nilianza marathoni kamili pale pale Moshi. Sehemu ya kwanza hufuata barabara kuu ya Dar es Salaam, nayo ni nyepesi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, miguu ilikuwa mizuri, vijana walikuwa wakinipita nami nikakataa kupitwa. Nilifika nusu ya njia kwa saa 2 na dakika 20, haraka kuliko nilivyopata kukimbia katika maisha yangu yote. Huo ndio ulikuwa ujinga wenyewe. Wataalamu wanaeleza kwamba mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini, nayo kwa watu wengi hukaribia kwisha kama kilomita ya 30. Mimi akiba yangu niliitumia barabarani kwa majivuno, na mlima wa Mweka ukanikuta sina kitu.

Kilomita ya 30 misuli ya mapaja ilikaza kama kamba ya kisima. Nilikaa chini ya mgomba. Watu wakapita, wengine wakaniuliza kama ni mzima, nami nikasema ni mzima. Baada ya nusu saa kijana wa bodaboda akasimama: "Mzee, panda nikushushe." Nikapanda. Tuliteremka tukiwapita wale wanaokimbia kuja chini, na kila mmoja alinitazama. Nilivua namba ya kifuani nikaitia mfukoni. Katika basi la kurudi nyumbani nilimfikiria Akhwari, na sikupenda nilivyojiona.

Niliporudi nilikwenda kumtembelea yule kiongozi wetu wa mchakamchaka. Tulikuwa tumezeeka wote wawili, lakini sauti yake ilikuwa bado ile ile. Nilimweleza yote. Nilitazamia atanicheka au atanihurumia. Yeye akaniuliza tu, "Ulipoachwa, nani alirudi kukuchukua?" Nikamjibu, hakuna. "Na wewe ulimrudia nani?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi huo haukuwa mchakamchaka. Hizo zilikuwa ni mbio tu."

Mwaka 2021 alipatwa na kiharusi. Shinikizo la damu lilikuwa likimla kwa muda mrefu naye hakuwa na habari, kwa sababu hakupata kupimwa. Upande mmoja wa mwili ukafa na ile sauti ikaondoka. Nilikuwa nakwenda kukaa naye Jumapili baada ya mazoezi. Alinishika mkono na kuupiga piga kwa kidole, nami nikautambua mwendo wa nyimbo zetu. Alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Wengi wenu mlikuwako mazikoni.

Mwaka 2022 mbio za Moshi ziliangukia Jumapili tarehe 27 Februari, Siku ya Mashujaa wetu. Baba yangu mdogo alinikemea: "Siku ambayo wenzako wako makaburini, wewe unakwenda kucheza Moshi?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilimwomba radhi nikaenda, maana nilikuwa nimeahidi mbele ya kitanda cha mgonjwa, na ahadi ya namna hiyo haina tarehe nyingine.

Safari hii nilianza polepole mpaka nikaona haya. Nusu ya njia nilifika kwa saa 2 na dakika 44. Tulipoanza kupanda tulikuwa watu wa nyuma watupu, kila mtu peke yake, kichwa chini: mwalimu wa kike kutoka Dodoma, askari mstaafu, kijana mnene wa benki, na wengine wawili au watatu. Karibu na kilomita ya 28 miguu ilianza kunionya kama safari ile ya kwanza. Sijui ni nini kilichonipata. Nikafungua kinywa nikaanza kibwagizo cha kale, kwa sauti mbovu ya mtu anayehema.

Yule askari akaitikia. Kisha mwalimu. Kisha wote. Hatukujuana, wala hatukusoma shule moja, lakini hapakuwa na mmoja ambaye hakuyajua maitikio, kwa sababu hakuna aliyesoma katika nchi hii bila kuamshwa alfajiri. Tukajikuta tunakwenda wawili wawili. Watoto wa Kichaga waliokuwa kando ya barabara wakaingia nyuma yetu wakicheka na kuitikia. Yule kijana wa benki alipokaza misuli akabaki nyuma, nikaona bila kufikiri kwamba nimegeuka, na wenzangu wamegeuka. Tukamrudia tukiimba. Tulipoteza labda dakika kumi. Tukapanda naye mpaka juu, tukageuka, tukateremka.

Nilimaliza kwa saa 5 na dakika 38. Uwanjani watu wengi walikwisha kwenda zao. Jioni nilimpigia simu baba mdogo. Akaniuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Haya. Ukirudi, pitia makaburini kwanza, ndipo uje nyumbani." Nikafanya hivyo.

Shauri langu

Ndugu zangu, katika orodha ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, ambayo husomwa kila tunapokutana, sasa majina ya kiharusi na kisukari yanazidi majina ya ajali na malaria. Sisi si vijana tena. Tumepata kazi, magari na viti vizuri, na mchakamchaka tuliuacha getini siku tuliyochukua vyeti.

Kwa hiyo natoa shauri kwamba mkutano wetu ujao uanze kwa mchakamchaka, kutoka geti la shule hadi Makumbusho ya Mashujaa wa Majimaji, na kurudi. Nisisitize mambo matano. Kwanza, kila mtu apimwe shinikizo la damu na sukari kabla ya kuondoka, na atakayekatazwa akae na kutupigia makofi. Pili, pasiwe na zawadi ya mshindi wala kutangaza muda. Tatu, wanafunzi wa sasa wakimbie pamoja nasi, watufundishe nyimbo zao nasi tuwafundishe zetu. Nne, mwishoni tupate togwa na viazi vitamu, si hotuba. Tano, na hili ndilo kubwa, tufuate sheria ya marehemu mwenzetu: msafara uende kwa mwendo wa aliye nyuma.

Mama yule wa kuni sijapata kumwona tena. Barabara ile naikimbia mara tatu kwa juma, na bado natazama kila mzigo wa kuni unaokuja mbele yangu. Nikimwona nitamwambia kwamba sikujua swali lake ni kubwa kiasi kile. Yeye alikimbia ili mtoto wake aishi katika nchi ambayo mtu aweza kukimbia bila kuwa na kitu nyuma yake. Wanaotaka kukumbuka thamani ya amani wasiitafute katika hotuba peke yake. Waamke saa 11 alfajiri watoke barabarani.

Mwenye raba aje na raba, na mwenye makatambuga aje nayo. Saa 12 kamili asubuhi, getini. Atakayechelewa tutamkuta njiani, na atakayeachwa tutamrudia.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa zamani, aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 1978